Bondo

Jumapili, saa saba, foleni mpaka mlangoni.
Mhudumu ni binti wa Sengerema, Nyanzobe,
anapiga kelele za Kichina kuelekea jikoni
kama anayemrudisha mbuzi shambani mwa watu.

Shangazi Holo hataki kukaa ukutani.
Anataka aone vinavyopita.

Vikapu vya mianzi vimepandana, vinafuka.
"Vitenga gani hivi? Vya dagaa mmojammoja?"
Nafunua. Vitu vyeupe, havijaonja mafuta,
vimekazwa shingoni
kama fundo la kanga lenye hela ndani.
Anakibonyeza kimoja. Kamba anaonekana kwa ndani,
amejikunja, "kama mtoto kwenye ile picha ya Bugando."

Vijiti vikamshinda. Akaomba kijiko,
akakiacha, akaingiza mkono,
na hakuna aliyetazama:
kila meza ilikuwa na vita vyake.

Ndipo ikaja supu.
Akakoroga, akanyamaza.
Akainua kipande cha manjano, kinateleza,
akakisugua kwa kidole gumba
kama mtu anayeshuku noti.

"Hili bondo. La sangara."

Miaka kumi na tisa Mwaloni, Kirumba,
anapasua, anaosha, anaanika,
bei anaitaja mwingine,
na hajawahi kulitia mdomoni.

Akatafuna. Sahani zinagongana, mtoto analia, mvuke.
Lina ladha gani, Shangazi?
"Halina. La kutafuna tu."

Kisha akamwita Nyanzobe,
akamuuliza, kwa Kisukuma, bakuli ni shilingi ngapi,
na chini ya meza vidole vikaanza kuhesabu,
vikafika mwisho,
vikarudi mwanzo.