Nukta Mbili Juu ya U

Saa saba usiku, Tartu. Theluji inashuka bila kubisha hodi.
Kifungashi kimesoma faili mia nne na tatu,
kimezikunja, kimezibana, kikafika kwenye moja kikagoma:
moduli haikupatikana. Jina lake külaline,
neno ambalo kwetu ni mgeni.

Haikupatikana! Nami naiona, ipo pale
kati ya kalenda na kikapu,
imetulia kama mkwe ukweni.

Nilianza na washukiwa wa kila siku.
Nikafuta kache. Nikafuta folda nzima ya vifurushi,
ile inayoizidi programu yenyewe uzito mara sabini,
nikaiagiza upya, nikachemsha maji, nikanywa chai,
nikarudi: mgeni haonekani.
Nikashuka toleo moja. Nikapanda mawili.
Nikashuku mzunguko, huyu anamwita yule
na yule hafungui mpaka huyu aitike;
nikawafumania wawili kweli, nikawatenganisha,
nikajiona bingwa kwa dakika moja na nusu.
Mgeni njoo, nikasema kwa sauti, njoo mwenyeji nipone.
Haonekani.

Kwenye kompyuta ya Urmas inafanya kazi.
Kwa Urmas kila kitu hufanya kazi, ndiyo maana amelala.
Seva ndiyo inayokataa,
na saa mbili asubuhi Leelo anafungua nafasi za likizo,
nyumba zake tatu za sauna kando ya ziwa;
watu watabonyeza, watapata ukurasa mweupe
kama uwanja huu hapa nje.

Mezani daftari la Kärt, darasa la kwanza.
Kazi ya nyumbani: mistari mitano ya ü.
Nimemwona anavyofanya:
kwanza u, u, u, u, mpaka chini ya ukurasa,
halafu anarudi juu na kalamu kuzitia nukta
kama mtu anayenyunyizia mayai chumvi.
Moja, mstari wa tatu, aliisahau.

Kikombe kikabaki hewani.

Iko ü iliyozaliwa nzima,
na iko u iliyovishwa nukta zake baadaye.
Jicho haliwezi kuzitenga. Seva haina jicho,
ina hesabu tu, na hesabu haina msamaha.
Nikapima jina la faili: herufi nane.
Nikapima jina lilelile ndani ya msimbo, pale linapoitwa:
tisa.

Tisa! Saa nne nzima nilikuwa nikimwita mtu
kwa jina lake sahihi, na hakuwa yeye.

Nikalifuta, nikaliandika upya kwa kidole changu mwenyewe.
Sekunde sita, likapita.
Fungasho limetoka nene, megabaiti tisa,
simu ya mtu kijijini italisubiri hadi uji upoe.
Hilo ni la kesho, na la Urmas.

Kabla ya kuzima taa nikaishika kalamu
niiwekee ile u ya mstari wa tatu nukta zake.
Nikairudisha chini.
Mwalimu naye ana kazi yake.