Daftari Halina Safu Yake

Bamvua la mwezi mwandamo, saa nne usiku, Msimbati.
Bahari imekusanya nguo zake
ikatoka hadi ng'ambo ya mwamba,
nasi tunakanyaga palepale ilipolala,
shangazi Somoe mbele na chuma cha pweza,
mimi nyuma na kurunzi na daftari la kikundi:
Pweza, kilo. Chaza, idadi. Bei. Mnunuzi. Sahihi.

Chini ya jiwe la nne nikamwona.
Mwekundu,
si wekundu wa damu wala wa pilipili,
wekundu wa kanga ambayo haijaguswa na maji,
pindo jeupe limemzunguka mwili mzima
likikunjika, likikunjuka, likikunjika.
Mgongoni, ua. Nikadhani pambo.
Kumbe ni matamvua yake, anapumulia nje
bila kumwonea haya mtu.
Nikaligusa, likanywea
kama mtoto aliyefokewa mbele ya wageni.

"Konokono," alisema shangazi, "ila hana nyumba."

Alizaliwa nayo.
Mtafiti mmoja alitueleza, mwaka ule wa semina na soda:
kigamba kidogo kuliko punje ya ulezi,
wakati bado anaelea, hajui mwamba wake ni upi.
Siku aliyotua akakivua,
akakiacha hapohapo, hakugeuka.

"Kaachika huyu. Kama mimi."
Akacheka, kicheko cha puani.
Shangazi alirudi kutoka Lindi
na begi moja, sufuria moja bila mfuniko;
nyumba ya bati ishirini na nne,
kumi na moja zikiwa za ufuta wake mwenyewe,
ilibaki kwa mwenye jina kwenye hati.
Akachutama, akamtazama tena yule kiumbe,
maji ya vidimbwi yakimlowanisha mapaja.
"La," akasema. "Hakuachwa. Kaacha."

Nikamwambia anakula sifongo,
zile chungu, zenye sumu, ambazo wengine huzipita,
na uchungu wake hautemi,
anauhifadhi ngozini.
Samaki akimwonja mara moja, basi.
Ndiyo maana anavaa rangi hiyo, asijifiche.

Shangazi alikaa kimya kidogo.
"Basi kameza mengi," akasema.

Upande wa kusini hatukwenda.
Huko baruti ilipita, tukiwa shule,
tulikuwa tunahesabu mishindo badala ya kengele.
Matumbawe yamebaki vigae,
mguu unazama kama kwenye jalala la vyungu.
Sifongo hazijarudi.
Naye anakaa zilipo sifongo, hana pengine.

"Anaitwaje?"
Hakujua. Mama yake hakujua.
Kimakonde hakina, Kiswahili chetu hiki hakina.
Kisicholiwa, kisichouzwa, nani akipe jina?
Pweza ana majina matatu kwa ukubwa wake,
jongoo bahari ana bei hadi ughaibuni.

Kisha maji yakaanza kurudi,
ulimi mwembamba ukapita kati ya mawe,
naye akajiachia.
Pindo lote likafunguka,
akapanda juu ya maji yasiyofika magotini
akijipinda mbele, nyuma, mbele, mwekundu, mweupe, mwekundu,
ndani ya duara dogo la kurunzi yangu inayoisha betri.
Shangazi hakucheka.
"Mwali," akasema,
kwa sauti ya kumwita mtu
siku ya kutolewa ndani, ngoma zikiwa hazijapigwa bado.

Jiwe lilikuwa na mayai yake kwa chini,
utepe uliosokotwa kama waridi la kitambaa
la kupambia kiti cha bibi harusi.
Tukalirudisha, upande wake uleule,
taratibu, wawili, kama tunarudishia mlango
wa chumba ambamo mtu amelala.

Asubuhi Mchopa wa mizani alisoma daftari
kwa kidole, mstari kwa mstari.
Pweza, kilo tatu na robo.
Chaza, arobaini.
Mwali, mmoja. Bei, hakuna.
"Huyu ni nani? Mnamuuza?"

Shangazi alikuwa anafunga ndoo.
"Ameondoka," alisema. "Pima pweza."