Jibu la Fundi Owere

Umeniuliza, binti wa takwimu,
kalamu ikining'inia kati ya "ndiyo" na "hapana":
je, watu wa hapa Tororo wataendelea kuvaa barakoa?
Vuta hicho kigoda. Mguu wake mmoja ni mfupi,
egemea upande wa dirisha.

Mwaka ule cherehani yangu haikulala.
Nilikata vitenge vya harusi zilizoahirishwa,
nikakata mapazia, nikakata hata majoho ya kwaya.
Mke wangu Adikini alipiga pasi ya makaa hadi majogoo,
nasi tukala nyama mara mbili kwa wiki.
Nalisema kwa aibu:
majirani walipokuwa wakizika,
mimi nilikuwa nahesabu bati.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu tulimpa jembe siku ile ile aliyofika.
Akalinda mlango wa benki,
akapanga foleni na madereva njia ya Malaba,
malori kwa malori mpaka jicho likachoka.
Askari akiwa mbali, alilala kidevuni;
askari akikohoa, huyo, puani!
Cheka tu. Siku hizi meno yanaonekana.

Kisha ugonjwa ukaondoka bila kuaga,
au umejikalia mahali, mimi si daktari.
Nikabaki na kasha: barakoa mia tatu na kumi na mbili.
Kina mama wakaja. Kitambaa hawakukitaka,
walitaka lastiki.
Basi nikafumua, nikafumua.
Kilichovuta masikio ya watu wazima
leo kinashikilia kaptura za darasa la pili.
Kama habari ingeishia hapo, ungeandika "hapana"
ukawahi chakula cha mchana.

Lakini yuko Nyaketcho, muuza mukene.
Yake hajaivua. Meno mawili ya mbele hayapo,
na aliyeyatoa hakuwa daktari wa meno.
Nyuma ya kitambaa, asema,
hakuna anayeniuliza.

Yuko binti yangu Akoth.
Shule zilifungwa akiwa mtoto,
akarudi darasani amefunikwa, sauti imeshuka, kimo kimepanda.
Walimu waliposema vueni, wote wakavua,
yeye akabaki ameishika kwa vidole viwili.
Baba, aliniambia jioni,
uso wangu umekulia humu ndani.
Sijui umetokaje.
Nikatafuta la kumjibu. Nikatia uzi kwenye sindano
iliyokuwa tayari na uzi.

Na Ochwo, ndugu yangu, mpakuzi wa saruji ghalani.
Saa nne asubuhi nyusi zake huwa na mvi,
jioni huziosha akarudia ujana wake, isipokuwa kifua.
Alikohoa kabla kikohozi hakijawa habari.
Hakuna gari lililopita na kipaza sauti
kutuhimiza tumzibe pua Ochwo.
Ilibidi dunia nzima iugue
ndipo mimi, mwenye mkasi na kitambaa na ndugu mmoja,
nikajifunza kukata umbo la pua.
Hilo usiliandike. Au liandike, lakini si kwa jina langu.

Jumatatu alikuja: nishonee za jinzi, tabaka mbili.
Wenzake walikuwa mlangoni wakimcheka,
Mzee, korona imekwisha!
Akawageukia taratibu.
Korona imekwisha, akasema. Saruji je?
Wawili wakaondoka wakicheka bado.
Wa tatu akauliza bei.

Sasa sijui utaweka alama wapi.
Visanduku vyako ni viwili, na wateja wangu
kila mmoja anakuja na pua yake.

Nikuulize na mimi. Hiyo kamba ya buluu
inayochungulia kwenye mkoba wako,
unaibebea nani?
Ilete hapa. Naona mshono umeachia upande mmoja.
Hapana, weka pesa yako.
Ni mishono minne tu.