Breki ya Pili

Sinaw mji mdogo. Gari langu linajulikana
kuliko uso wangu: jeupe, mistari myekundu ubavuni.
Likisimama mahali, watu wanajua mwalimu Zuweina yupo pale,
na kabla ya adhuhuri wanajua na sababu.

Kwa hiyo siwezi kuliegesha mbele ya kliniki.

Lakini nirudi nyuma kwanza,
taratibu, kwa kutazama vioo, kama ninavyofundisha.

Gari la kufundishia lina breki mbili:
ya mwanafunzi, na yangu, upande wa abiria.
Miaka kumi na sita mguu wangu
umekaa juu ya hofu za wake za watu
na haukuwahi kuchelewa.

Ila Asila alikwisha faulu.
Alikuwa na gari lake mwenyewe, breki moja,
siku wadi iliposhuka na maji
ya mvua ambayo kwetu haikunyesha.

Tangu hapo mguu unakanyaga usiku.
Unakanyaga godoro, unakanyaga shuka.
Muhanna, mume wangu, ana alama kwenye muundi
na hajasema neno.

Kaka yangu alisema: soma Kurani, punguza kahawa.
Nasoma. Nikifika katikati ya sura, mguu unakanyaga.
Kahawa nimeiacha;
nimebaki na kichwa kinachogonga na mguu uleule.

Shemeji akanipeleka kwa kocha wa maisha:
chumba kinanukia udi, cheti cha rangi ya dhahabu ukutani.
Fumba macho, akasema, iwazie bahari.
Nikafumba. Nikaona maji.
Riali arobaini.

Nilimuuliza kibali chake kimetoka wizara gani.
Akatabasamu.
Bwana wee, mimi kazi yangu barabarani:
mtu anayetabasamu akiulizwa leseni
namjua.

Hospitali ya Ibra: rudi baada ya miezi mitatu.
Maskati wako wengi, lakini Maskati ni barabara,
na barabara ndiyo ugonjwa wenyewe.

Ni Biju, Mkerala wa duka la dawa,
aliyeniandikia nyuma ya kiboksi cha panadoli:
Daktari Ilham. Jumatatu tu.
Ghorofa ya pili, juu ya fundi wa kanzu.
"Huyu ana karatasi," aliniambia kwa Kiarabu cha dukani.
"Karatasi ya kweli."

Naegesha kwenye tanuri la mikate.
Nanunua minne, niwe na sababu,
kisha napita uchochoroni na mfuko wa moto kifuani
kama mwizi mwenye njaa.

Karatasi niliisoma kabla ya kuketi.
Jina. Namba. Muhuri. Tarehe ya kwisha.
Hakuudhika. Alisubiri nimalize,
Msudani mmoja mtulivu, hina imemfifia vidoleni.

Kiarabu changu ni cha soko na cha matanga:
najua kuteremsha bei, najua kutoa pole.
Cha kujieleza sikukipata.
Nikasota nacho hivyohivyo mpaka akauliza:
huo mguu ukikanyaga, unataka kusema nini?

Nikafungua mdomo, likatoka: Simama.
Simama mwanangu. Simama, rudi nyuma, simama.
Kiswahili kitupu, cha Wete, cha uani kwa mama.
Sikujua nimebadili lugha
hadi nilipoona kalamu yake imesita.

Hakuniambia nitafsiri.
Aliandika neno kwa herufi zake, kulia kwenda kushoto,
akalisoma polepole, akalikosea,
akaniinulia macho kama mwanafunzi kwenye kipilefti:
ndivyo?

Nikamsahihisha. Akarudia.
Tukaenda hivyo mpaka saa ikaisha.

Jana usiku mguu umekanyaga tena.
Friji imejaa mikate.
Bi Rayya wa nyumba ya pili kapita kuuliza
mna karamu gani ninyi kila Jumatatu.

Nimempa miwili. Hakuondoka.
Alisimama mlangoni akiigeuzageuza mikate,
macho mekundu, ya mtu asiyelala,
akizungumza habari za bei ya mbuzi.

Kiboksi cha panadoli bado kimo mkobani.
Nikamwambia, ingia.