Mraba wa Tisa

Usun anachekecha. Maji yanapita
kwenye wavu mwembamba kuliko chandarua,
tope linakwenda, mifupa inabaki:
taya la panya, urefu wa punje ya mchele,
bawa la popo, njiti tu,
kirukanjia asiye na kaburi.

Bundi ndiye aliyewaleta pangoni.
Alikula, akatapika, akalala;
hakujua anaweka hesabu.

Mraba wa tisa, kina cha mita mbili,
jino limelika kwa kutafuna nyasi.
Nyasi? Hapa Sarawak?
Babu yake aliapa: msitu huu haukuzaliwa, ulikuwapo.
Analigeuza chini ya lenzi.
Jino halibishani na mtu.

Jioni pikipiki yake inakata michikichi,
mstari, mstari, mstari,
hadi karibu na nyumba ndefu ya kwao.
Kampuni imepachika visanduku vya bundi juu ya nguzo
ili wawamalize panya.
Anazima injini. Chini ya kisanduku
kuna vidonge vya manyoya, bado vibichi.
Anavunja kimoja kwa ukucha: panya.
Cha pili: panya, wa aina ileile.

Cha tatu anakiacha kizima.