Miguu ya Nyuma

Soyekwo amezitoa dukani, amezisimamisha ukutani:
tairi mbili za matope, zenye meno marefu
kama ya mtu anayekucheka kabla hujauliza bei.
Laki tano na nusu. "Kwa sababu ni wewe, mwalimu."
Kwa sababu ni mimi. Na kwa sababu ni mwezi wa nne,
Kapchorwa haijaona jua tangu Jumapili,
na barabara ya kupanda Benet
imeamua tena kuwa sabuni.

Gari langu ni Mark II, jeupe kwenye hati,
rangi ya mfinyanzi machoni pa watu.
Husukumwa na magurudumu ya nyuma.
Kwenye lami ya Mbale linatembea kama bibi harusi.
Huku juu kiuno hucheza peke yake
na kichwa hubaki kikiomba radhi.
Mwaka jana, kwenye mteremko wa zahanati,
lilinigeuza taratibu, bila hasira,
likanionyesha nilikotoka.

"Mbili zinatosha," asema Soyekwo. "Nguvu iko nyuma."
Fundi Wamono, kwenye simu, kinywani ana muwa:
"Nne, au usifunge hata moja.
Nyuma itashika, itasukuma,
na mbele, kwa vipara vile, itakwenda inakotaka.
Unataka kuufikia mtaro kwa nguvu zaidi?"
Akatema kapi. Nikalisikia likianguka.

Nimehesabu nyuma ya karatasi ya mtihani.
Nne ni milioni moja na laki.
Hiyo ni karo ya Chekwel, mihula miwili,
na godoro ambalo hajathubutu kulitaja.
Mbili ni muhula mmoja, bila godoro.
Sifuri
ni gunia la viazi ndani ya buti,
kilo mia juu ya ekseli, ili gari litulie.
Nilijaribu mvua iliyopita. Gari lilitulia.
Viazi ndivyo vilivyokataa: kamba ilikatika,
nikafika shuleni nikinuka shamba,
na kiazi kimoja kikakaa chini ya kiti
hadi kikachipua.

Mama alinisukuma hivyo hivyo, kutoka nyuma,
kwa madebe ya maziwa, asubuhi na asubuhi.
Mimi nilikuwa natazama mbele tu.
Sikujua kwamba naye alikuwa anateleza.

Halafu kuna watoto wa kona ya mwerezi.
Hufika kabla sijakwama, miguu peku;
wanaijua injini yangu inavyolalamika.
Elfu moja kila mmoja, mia tano kwa Yeko,
mdogo wao, ambaye hasukumi chochote:
hushika taa ya nyuma na kupiga kelele.
Wiki moja alikuja darasani na daftari jipya.
Sikuuliza. Nililisahihisha.
Kwenye jalada, alama ya dole gumba,
matope yale yale ya kwangu.

"Niwekee mpaka Ijumaa," nikamwambia Soyekwo.
Akazirudisha ndani akizizungusha,
moja mkono huu, moja mkono huu,
kama mtu anayewapeleka watoto kulala.
Mvua ikaanza kabla sijafunga mlango.

Kwenye kona ya mwerezi nikashika gia ya pili,
nikanyamaza, nikavuta pumzi kwa niaba ya gari.
Kiuno kikaanza. Kichwa kikaomba radhi.
Wakatokea.

Yeko akaja dirishani, maji yakimtiririka puani.
"Mwalimu, ni kweli unanunua tairi za meno?"
"Nani amekwambia?"
"Soyekwo ni mjomba."
"Bado naamua."
Akatikisa kichwa, kama mtu mzima
anayeambiwa bei ya kitu asichouza.
Akazunguka nyuma, nikamwona kwenye kioo:
ameishika taa kwa mikono miwili.
Safari hii hakupiga kelele.
Alikuwa anasukuma.