Kundi la Chaki

Kazi yangu ni maneno madogo.
Makubwa huandikwa na wengine, ghorofa ya juu,
penye mashine ya kahawa isiyoharibika.
Mimi naandika ya ubavuni mwa kopo,
yasomwayo na mwenye miwani na mwenye shaka,
na hao wawili ni nadra kukutana ndani ya mtu mmoja.

Hapa Plovdiv, nyuma ya stesheni,
kampuni yetu inauza vidonge vya magoti.
Mna unga wa maganda ya mayai, manjano kidogo,
na kitu ambacho Tsvetomir wa maabara hukiita
"kile kingine", huku akitazama dirishani.

Majaribio yalifanyika kipupwe kilichopita.
Watu sitini na wawili, wengi wao wastaafu wa tumbaku.
Nusu walipewa kidonge, nusu wakapewa chaki
iliyopakwa rangi ileile, ikatiwa kopo lilelile,
ikagawiwa na muuguzi yuleyule mwenye mikono ya joto.
Baada ya wiki nane wa kidonge walisema: nafuu.
Wa chaki nao: nafuu.
Bibi mmoja wa chaki alicheza harusini kwa mjukuu
mpaka kisigino cha kiatu kikang'oka.

Tsvetomir aliniletea jedwali kama aletaye tanzia.
"Radostina, hapa hamna kitu."
Mkurugenzi alilitazama jedwali hilohilo
akaona tisa kati ya kumi.
Namba hazikusema uongo. Zilinyamaza tu,
na kimya kingi, tunaambiwa, kina mshindo;
hiki kilikuwa na faida pia.

Nikaandika: *Imethibitishwa kwa majaribio.*
Nini kimethibitishwa, sikusema.
Kisha redio wakataka kitu chenye vina:

    Goti lako likigoma,
    ngazi zikawa mlima,
    meza kimoja mapema,
    kitakurudisha wima.

Dakika kumi tu, chai yangu haijapoa.
Ndiyo maana naogopa vina:
sikio huitikia kabla akili haijabisha hodi.

Jumapili shangazi Penka akapiga simu.
Lifti ya jengo lake imekufa tangu Krismasi.
"Nimepanda mpaka ya nne," akasema, "bila kushika ukuta!
Makopo matatu, kwa pensheni yangu.
Hivi ninyi wafanyakazi, mnapunguziwa bei?"

Nilikuwa na ukweli kinywani kama kaa la moto.
Nikaugeuza upande huu, nikaugeuza ule.
Nikamuuliza anavimeza saa ngapi.

Tangu hapo najaribu kumkasirikia mkurugenzi
na hasira haikolei.
Nani aliyempandisha shangazi ghorofa ya nne?
Si yai. Labda ni redio. Labda ni mimi,
niliyempa ruhusa ya kujaribu ngazi ya kwanza,
na ngazi zenyewe ndizo zilizomnyoosha.
Lakini ruhusa haina uzito kwenye mizani ya maabara,
na pensheni ina uzito.

Nami je? Tangu Machi mosi
nina uzi mwekundu na mweupe kifundoni mwa mkono,
nimefungwa na mtoto wa jirani kwa ajili ya afya.
Hauvuliwi mpaka umwone korongo.
Hakuna aliyeupima uzi huu dhidi ya uzi wa bandia.
Ulinunuliwa sokoni, una kibandiko cha bei,
nami niliyeicheka bangili ya shaba ya shangazi
naoga nikiuinua usilowane.
Tsvetomir ana wake, kaufunika kwa mkono wa koti jeupe.
Tuliona. Hatukusema.

Jumamosi nikapanda treni ya Pazardzhik,
makopo mawili mkobani, kwa bei ya wafanyakazi.
Nilisoma maneno yangu ubavuni. Herufi ni ndogo mno.
Nikaegemeza kipaji kwenye kioo,
mashamba ya mpunga yakipita na maji yake ya kijivu,
na juu ya nguzo ya umeme, kiota.

Kitupu.

Nikaamini katoka mara moja tu, kufuata chura.